Mwalimu mzoefu aanzie kidato cha kwanza
Tangu nilipokabidhiwa uongozi wa idara ya hisabati katika sekondari ya kata ninakofundisha, jambo lililozua ubishi mkubwa kuliko yote ni uamuzi wa kuwapanga walimu wazoefu kidato cha kwanza, badala ya kuwalimbikiza wote kidato cha nne kwa ajili ya mtihani wa taifa. Hoja yangu ilikuwa kwamba mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akakutana na aljebra kwa Kiingereza, huanza kunyamaza mapema mno, na mwaka 2023 takriban robo tu ya watahiniwa wa kidato cha nne nchini Tanzania ndio waliofaulu hisabati.

Tulikubaliana pia kwamba mwalimu asiwaite ubaoni wanaonyoosha mikono tu. Wanafunzi hujadili swali wawili wawili kwanza, kwa lugha yoyote, ndipo mmoja achaguliwe kwa kura. (Wavulana wa madawati ya mbele hawakulipenda hilo hata kidogo.) Wasichana waliokuwa wakinakili kimya kimya sasa wanabishana waziwazi kuhusu alama ya kutoa iliyo nje ya mabano, na mkuu wa shule, ambaye alikuwa na shaka, ameagiza walimu wa fizikia waje kutazama.