Siku yangu moja nikiitafutia dawa seva ya data iliyolemewa

Saa 1:30 asubuhi. Ujumbe umeshaingia: "Seva iko taratibu sana." Seva ninayoitunza hugawa data za hali ya hewa kwa watafiti, nyingi zikiwa faili za netCDF, muundo wa kuhifadhi data za kisayansi zenye vipimo vingi. Anayelalamika anasema kweli, ila hajanipa kitu cha kupima. Ninamuuliza alikuwa anaomba nini, saa ngapi, na alisubiri kwa muda gani. Anajibu kwamba alitaka halijoto ya nukta moja tu, mwaka mzima, saa kwa saa, na baada ya dakika moja alirudishiwa kosa la 504, yaani muda wa kusubiri jibu umekwisha.

Jibu hilo lina thamani kubwa. Mbele ya seva yetu kuna Nginx, programu inayopokea maombi na kuyapitisha kwa seva, na isipoelekezwa vingine, husubiri sekunde 60 kisha hukata tamaa. Kwa hiyo seva haikuanguka. Ilikuwa bado inafanya kazi pale aliyesimama mlangoni alipochoka kusubiri.

Saa 2:15. Ninaingia kwenye mashine. Wastani wa mzigo umepanda mno, lakini vichakataji vingi vimetulia. Anayeanza kazi hii hudhani namba hizo zinapingana. Hazipingani: katika Linux, mfumo endeshi wa mashine hii, wastani huo huhesabu pia michakato iliyokwama ikisubiri diski. Ninaendesha iostat -x, amri inayopima kazi ya diski, na foleni ya diski ni ndefu, muda wa kusubiri wa kila ombi ukizidi kupanda.

Saa 3. Programu ya seva yetu huendeshwa na Java, na mwenzangu anashauri tuiongezee Java hiyo kumbukumbu. Tunafungua logi, yaani rekodi, ya usafishaji wa kumbukumbu, na mapumziko ambayo Java husimama ili kusafisha ni mafupi, hayatishi. Zaidi ya hapo, kumbukumbu (RAM) unayoipa Java unainyang'anya Linux, ambayo huitumia kutunza faili zilizosomwa karibuni. Kwa seva ya kusoma faili, hiyo ndiyo RAM inayookoa. Pendekezo la pili ni kupandisha idadi ya nyuzi za Tomcat, programu ya Java inayojibu maombi, kutoka 200 za kawaida; kila uzi hushughulikia ombi moja kwa wakati. Nalo ninalikataa, maana nyuzi zaidi zitaikuta diski ileile imezidiwa.

Saa 4 hadi saa 6. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Ninazipanga logi za maombi kwa muda uliotumika, na jambo la ajabu linajitokeza: maombi yanayochelewa kupita yote yanarudisha majibu madogo kabisa, huku ramani za dunia nzima zikitoka upesi. Kama tatizo lingekuwa mtandao, ingekuwa kinyume chake.

Ninaifungua faili ya mwaka mmoja kwa ncdump -hs, inayoonyesha jinsi data ilivyokatwa vipande ndani. Kila kipande kina saa 1, mistari 721 ya latitudo na 1,440 ya longitudo, yaani ramani moja nzima kwa kila saa. Kipande kilichobanwa hakifunguki nusu. Ukitaka nukta moja, sharti ukisome na kukifungua chote, thamani 1,038,240, uchukue moja na kuziacha zilizobaki. Kila kipande kikifunguliwa ni takriban MB 4.15, na mwaka una saa 8,760. Mtafiti wetu aliomba KB 35, na ili kumjibu seva ililazimika kufungua zaidi ya GB 36. Diski zetu ni za kuzunguka. Ningeshangaa kama zisingelemewa.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Shida iliyokuwa "seva" sasa ina umbo, na ina hesabu.

Saa 8 mchana. Kwenye mashine ya majaribio ninaikata upya nakala ya faili hiyo kwa amri ya kunakili na kubadili ukubwa wa vipande: nccopy -c time/730,latitude/20,longitude/20. Sasa mwaka mzima wa nukta moja unapatikana katika vipande 12, kama MB 14 vikishafunguliwa. Kabla ya kila jaribio ninaifuta akiba ya faili iliyomo kwenye RAM, la sivyo jaribio la pili litasoma kutoka kwenye kumbukumbu na kukupa matokeo ya uongo. Ombi lililokatwa baada ya dakika nzima sasa linajibiwa chini ya sekunde moja.

Lakini ninaijaribu ramani pia, na huko mambo yamegeuka. Ramani ya saa moja sasa inagusa vipande 2,664. Hakuna mkato unaowafaa wote. Uamuzi wangu ni kuweka nakala mbili, moja ya ramani na moja ya mfululizo wa nukta, ingawa zitakula nafasi maradufu. Nafasi ya diski ninaweza kuiomba. Muda wa watafiti hauombeki.

Saa 10 jioni. Ukataji wa miaka yote utachukua muda mrefu, kwa hiyo leo ninaweka kikomo cha miunganisho ya pamoja kwa kila anwani kupitia limit_conn ya Nginx. Kuna skripti inayofungua miunganisho mingi kwa mpigo. Ninamwandikia mwenye skripti hiyo kumweleza sababu, kwa kuwa hakukosea chochote.

Saa 11:30. Ninaanzisha ukataji kwa ionice -c3, daraja la mwisho kabisa katika kutumia diski, ili usiwapore diski wanaosoma. Kipangaji cha diski hii ni BFQ, kinachoheshimu daraja hilo. Kisha ninamjibu mtafiti wa asubuhi: faili ya mwaka aliouomba iko tayari katika njia mpya, ajaribu tena, na miaka mingine itafuata kadiri inavyokamilika.