Jinsi ninavyofuata doa la jua nikiwa Nairobi

Jua silitazami kupitia darubini; naliacha lijichore kwenye karatasi. Darubini yangu ya lenzi ina upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi miale inapokutana) wa milimita 700. Nikiweka lenzi ya jicho (ile ndogo ya kuchungulia) ya milimita 20 na karatasi nyeupe sentimita 48 nyuma yake, napata duara la sentimita 15. Kwa kipimo hicho, doa (eneo jeusi kwenye uso wa jua) lililo kama punje ya wimbi linatoshana na dunia yetu nzima.

Kidarubini cha kulengea kifunike kabisa, maana nacho huunguza jicho. Lenga kwa kivuli: bomba likielekea jua sawasawa, kivuli chake ndipo kinapokuwa kifupi kabisa. Lenzi ya jicho yenye plastiki huyeyuka, na yenye vioo vilivyogundishwa inaweza kupasuka.

Mimi huchora kati ya saa mbili na nusu na saa nne asubuhi. Mabati ya majirani yakishapata moto, ukingo wa duara hutetemeka na nyuzi za utando wa kijivu unaozunguka kiini cheusi cha doa hupotea. Julai mawingu ya asubuhi hukulazimisha kungoja alasiri. Saa sita na nusu usijisumbue: jua liko utosini, bomba limesimama wima, karatasi inagonga miguu ya stendi.

Kinachoharibu michoro mingi ni mwelekeo. Iache darubini imetulia, tia nukta penye doa, ngoja dakika moja, tia nyingine. Mstari wa nukta hizo ni mashariki–magharibi, na doa limehamia magharibi.

Mtiririko wa gesi ndani ya doa hauonekani kwenye karatasi. Naufuata katika picha za Dopla, zinazoonyesha gesi inayotujia na inayotukimbia, za SDO, chombo cha NASA cha kuchunguza jua kilichorushwa mwaka 2010. Mwaka 1909, huko Kodaikanal, India, mwanaastronomia John Evershed aligundua kuwa gesi hutoka kwenye kiini kwenda nje kupitia utando wa kijivu, kilomita kadhaa kwa sekunde. Doa likiwa katikati ya jua hutauona, kwani gesi inapita kando, haitujii wala haituachi. Likikaribia ukingo, upande wake unaoelekea katikati ya jua hutujia, upande wa pili hutukimbia. Lilinganishe doa na eneo linaloligusa tu, kwa sababu mzunguko wa jua wenyewe huleta upande wote wa mashariki kwetu, hadi kilomita 2 hivi kwa sekunde kwenye ikweta.

Doa huchukua takriban siku 7 kutoka katikati ya jua hadi ukingoni. Nahesabu kuanzia siku mchoro wangu unapoonyesha doa katikati, na siku ya tano ndiyo nafungua picha za Dopla.