Krimu au kijivu? Angalia dirisha kwanza

Vipande vya rangi za ukuta kwenye katalogi ni vidogo, tena unavitazama chini ya taa ya duka. Ndiyo maana mtu huchagua kijivu hafifu cha kupendeza, kikishapakwa nyumbani kinaonekana cha kijani.

Kwa Tabora, mara nyingi mwenye kosa ni mwembe uliopo nje. Mwanga uliopita kwenye majani huingia chumbani na ukijani wake, na kijivu hakina nguvu ya kuuzuia. Krimu ina manjano ndani yake, kwa hiyo chumba chenye kivuli hakipoi. Chumba kinachotazama magharibi ni habari nyingine: jua la saa kumi likipiga, krimu hukolea mpaka ikafanana na samli. Hapo mimi napendekeza kijivu bila kusita.

Balbu nayo ina neno. Iliyoandikwa 6500K (K ni kipimo cha rangi ya mwanga) hukipeleka kijivu kwenye buluu. Ya 3000K huiongezea krimu unjano.

Jaribu kabla ya kununua. Kata vipande viwili vya hadibodi, sentimita 60 kwa 60, vipige undakoti (rangi ya kutangulia) nyeupe, kisha kila kimoja mikono miwili ya rangi yake. Subiri zikauke kabisa, maana rangi ya maji mbichi hudanganya. Usivibandike pamoja: vikigusana, krimu huzidi unjano na kijivu huzidi ubuluu. Kisimamishe kimoja kimoja, kwanza mkabala na dirisha, halafu kwenye ukuta wenye dirisha lenyewe (huo ndio wenye giza kuliko zote), asubuhi, saa kumi na usiku.

Kiangazi vumbi jekundu la barabara za moramu hutua juu ya sketingi, ule ukanda wa chini ya ukuta. Krimu hulificha, kijivu hulitangaza. Silki, yaani rangi yenye mng'ao kidogo, hufutika kwa kitambaa kibichi, ila huanika kila kasoro ya skimu, lile tabaka laini la juu ya plasta.

Chumba cha mita 3.5 kwa 3.5, kuta za urefu wa mita 3 kwenda juu, kina mita za mraba 42 za ukuta. Toa mlango na madirisha, zibaki kama 37. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja ukuta ukiwa umepigwa msasa vizuri, hivyo makopo mawili ya lita 4 yanatosha mikono miwili. Yachanganye yote kwenye ndoo moja kabla ya kuanza, yasije yakatofautiana katikati ya ukuta.

Plasta mpya iache wiki nne ikauke. Ukiwahi, chumvi nyeupe hutokeza na rangi hubanduka. Kwenye krimu utachelewa kuiona, kwenye kijivu utaiona ukiwa mlangoni.