Mjomba alivyozama nchi kavu

Jamani wiki iliyopita tumenusurika msiba, moyo wa mjomba ulishindwa kusukuma damu vizuri, maji yakamjaa mapafuni. Saa nane usiku hapa Makorora mjomba kakaa kitandani anahema kama katoka kukimbizwa, akijilaza tu anakabwa, anakohoa povu lina wekundu kwa mbali, na mguu ukiubonyeza kidole kinaacha shimo. Tukamtia kwenye bajaji vilevile wima, mana kumlaza ndo ungekuwa mwisho wake.

Hospitali nako hawakumlaza chali, kakalishwa, miguu ikaning'inizwa, oksijeni ikawekwa, kisha furosemaidi, ile Lasix ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, miligramu 80 mshipani. Nyumbani anameza 40, lakini daktari kasema utumbo ukishavimba maji kidonge hakifyonzwi vizuri. Na kwa vile presha ilikuwa 190 kwa 110 akawekewa nitrogliserini chini ya ulimi, inatanua mishipa moyo upunguziwe mzigo. Presha ingekuwa ya chini wala wasingeigusa hiyo. Mie na ujuaji wangu nikauliza mbona hamumtundikii dripu ya maji, sista akanitazama weee... "Kaka, hayo maji ndo yanamuua."

Nusu saa hivi mfuko wa mkojo ukaanza kujaa, nimeukodolea macho kama naangalia mpira, kulipokucha ulishapita lita moja na nusu na mzee anadai chai.

Kumbe siku tatu hajameza dawa, eti ana harusi Pangani hataki kukojoakojoa njiani, na huko kashindilia ng'onda na chumvi yake yote. Mkewe hajamsemesha mpaka leo.