Jinsi Nilivyojifunza Kupika Mgagani

Kwa muda sasa nimekuwa nikiletewa kila wiki kikapu cha mboga kutoka shamba moja la Kiambu, ambalo halimpi mteja nafasi ya kuchagua, bali huchuma kilichokuwa tayari na kukigawa. Mchicha na kunde nilikuwa nimevizoea tangu nyumbani Mombasa, na mnavu niliuzoea upesi nilipohamia Nairobi. Mvua zilipoanza, hata hivyo, kikapu kilikuja na mafungu makubwa ya mgagani, ule unaouzwa sokoni kwa jina la saga, ambao watu wa Kisii, wa Siaya na wa Bonde la Ufa wanaupenda tangu zamani, na ambao mimi sikuwahi kuupika wala kuuonja.

Jani lake hutambulika kwa urahisi, kwani kwa kawaida hugawanyika sehemu tano zilizotandaa kama vidole, na shina lake lina vinyweleo vinavyonata mkononi. Nilitafuna jani bichi ili nijue ninashughulika na nini, nikakutana na uchungu mkali unaofuatwa na harufu ya haradali. Wala si ajabu, maana mmea huu una kemikali za jamii ileile iliyomo katika haradali na kabichi.

Nilimwendea jirani yangu mtu mzima, mwenyeji wa Kisii, nikamwamkia na kumwomba anielekeze. Alilipekua fungu, akavunja vichwa vilivyochanua maua na kuviweka kando, akisema kwamba mgagani ukishatoa maua uchungu huzidi.

“Huu haupikwi kwa haraka, mwanangu,” aliniambia. “Upike leo, uule kesho.”

Maneno hayo ndiyo yaliyoniongoza. Huchambua majani na ncha laini peke yake, nikaacha mashina magumu, kisha nikayaosha mara kadhaa hadi mchanga uishe. Huyachemsha kwa maji machache yenye chumvi kidogo mpaka yalainike, nikayachuja. Wapo wanaochemsha na kumwaga maji mara mbili au tatu, nami siwafuati, kwa sababu vitamini C huyeyuka katika maji na kupotelea humo, na kazi ya kupunguza uchungu inaweza kumalizwa na maziwa. Protini za maziwa hushikamana na sehemu ya vitu vinavyoleta ukakasi, na mafuta yake huulainisha ulimi.

Baada ya kuchuja, huongeza maziwa yanayokaribia kuifunika mboga, nikaiacha juu ya moto mdogo hadi maziwa yanywewe, nikigeuza kwa mwiko mara kwa mara ili yasishike chini. Hapo huipua, ikipoa nikaifunika na kuiweka katika friji. Zamani mboga hii ililazwa chunguni, ikaongezwa maziwa na kupashwa moto tena siku iliyofuata, na kwa maoni yangu kulazwa huko ndiko kunakofanya tofauti kubwa kuliko kiungo chochote: kesho yake uchungu huwa bado upo, lakini umetulia na kuchanganyika na utamu wa maziwa. Huipasha kwa malai kidogo na kitunguu kilichokaangwa, bila nyanya, kwa kuwa uchachu wake huweza kuyakata maziwa.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa pwani, nilitaka pia kujua nazi ingefanya nini. Tui jepesi hutumika usiku wa kwanza mahali pa maziwa, na tui zito huingia siku ya pili, likitokota polepole tu. Ni lazima chakula kiwekwe kwenye baridi mara kinapopoa, kwani mboga ya nazi huchacha upesi. Nikisema kweli, maziwa hushinda tui katika kuuzima uchungu. Lakini kwa sima na samaki wa kukaanga, nachagua tui bila kusita.

Kwa wageni wasiouzoea, huchanganya fungu moja la mgagani na mawili ya mnavu au kunde, nikapunguza mgagani zaidi kama kuna watoto. Nimewaomba pia watu wa shamba wauchume kabla haujachanua, nao wamekubali, kwani kukata ncha mapema huufanya mmea uchipue matawi ya pembeni na kuendelea kutoa majani.