Siku Moja Katika Chumba cha CT, Tabora

Saa 1:15 asubuhi mashine ya CT, inayotumia mionzi kupiga picha za ndani ya mwili, huandaliwa kabla mgonjwa yeyote hajaingia. Bomba linalotoa mionzi hupashwa joto hatua kwa hatua, kisha naweka chombo chenye maji katikati ya pete kubwa na kukipiga picha. Kwa kipimo kilichopewa jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyebuni teknolojia hii na kushirikiana na Allan Cormack kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1979, maji yanapaswa kusomeka 0 na hewa -1000. Yakisomeka mbali na hapo, siku haianzi mpaka sababu ijulikane. Baada ya hapo nabandika kifuani kifaa kinachopima mionzi inayonifikia mimi mwenyewe, natandika shuka safi, na kuhakikisha mablanketi yapo ya kutosha, kwa sababu chumba hiki lazima kiwe na ubaridi ili mashine isichemke.

Wengi husema kazi yetu ni kubonyeza kitufe. Kitufe nakibonyeza kweli, na picha za kichwa hukamilika kwa muda mfupi sana, pengine sekunde chache tu. Lakini kumfikisha mtu mwenye hofu na maumivu mahali ambapo atalala bila kutikisika kwa sekunde hizo kunaweza kuchukua nusu saa nzima, na hiyo nusu saa ndiyo kazi niliyosomea.

Kuanzia saa 2:00 benchi la nje hujaa watu wa Urambo, Kaliua, Uyui na mjini hapa. Wagonjwa wa kwanza walipita bila taabu.

Saa 4:00 aliingia mama mmoja aliyetakiwa kupigwa picha za tumbo kwa kutumia dawa yenye iodini, ile tunayoiita kontrasti, ambayo huifanya mishipa ya damu na viungo vionekane waziwazi. Nilitazama kwanza majibu ya kreatinini ili nijue hali ya figo zake, nikamuuliza kuhusu pumu, mzio na ujauzito, kisha nikamweleza jambo ambalo siliachi kamwe: dawa ikiingia utahisi joto likipanda kooni na kushuka mpaka chini ya tumbo, mdomoni utapata ladha kama ya chuma, na utadhani umejikojolea. Hujajikojolea, na joto hilo litapita baada ya muda mfupi. Mgonjwa asiyeambiwa haya hushtuka na kuinuka katikati ya kipimo, na hapo si haki kumlaumu.

Alipokuwa ameshalala, mikono juu ya kichwa, umeme ukakatika.

Watu wa nje hawajui kwamba umeme ukirudi sisi bado haturudi. Mashine lazima iwashwe upya, ijikague, bomba lipashwe joto tena, na wakati huo wote foleni inarefuka na wale waliofunga kula kwa ajili ya kontrasti wanalegea. Mama yule nilimshusha, nikamfunika blanketi, nikamruhusu anywe maji kidogo. Nje niliwaeleza wote kwa pamoja kilichotokea, lakini kijana mmoja aliyemleta baba yake kutoka Sikonge hakutaka maelezo. Gari lao la kurudi lilikuwa linaondoka saa 8:00, na kila nilipofungua mlango alisimama mbele yangu na karatasi yake mkononi.

Zamu yao ilipofika, yapata saa 6:30, mzee alikataa kulala. Wiki kadhaa kabla alikuwa ameteleza na kujigonga kichwa, akaonekana mzima, kisha kichwa kikaanza kumuuma na mkono wa kushoto kulegea, na daktari alihofia damu inayojikusanya polepole kati ya fuvu na ubongo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaitazama pete, akautazama mkanda wa kushikia kichwa, akasema, "Mimi sijafa. Mbona mnataka kunifunga?"

Kijana akaruka. "Dada, mchomeni sindano ya usingizi tumalize. Huyu mzee ni mbishi."

Nilimjibu kwa heshima, ingawa uchovu ulikuwa umeanza kunipanda. Usingizi wa dawa kwa mtu anayeshukiwa kuvuja damu kichwani si jambo la kufanya kwa sababu ya ratiba ya gari: unaweza kudhoofisha upumuaji wake na kuficha dalili ambazo daktari anazifuatilia, na unahitaji mtaalamu wa usingizi awepo. Nikamwomba asubiri karibu na mlango. Kisha nikavuta kiti, nikakaa chini ya usawa wa macho ya baba yake, nikaanza upya.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

Aliitikia. Nilimwomba aishike pete kwa mkono wake, kisha ainame na kutazama ndani, aone kwamba iko wazi mbele na nyuma na kwamba ukuta wa upande wa pili unaonekana. Nikamwambia kitakachoingia ni kichwa tu, miguu na mikono itabaki nje. Mkanda niliuweka pembeni kabisa. Nikamweleza kwamba kazi yake ni kukikumbusha kichwa kisigeuke, na kwamba hatutautumia akiweza kutulia. Aliuliza kama avue barakashia yake. Niliikagua, haikuwa na kitu cha chuma, na kitambaa hakiharibu picha, kwa hiyo nikamwachia. Miwani na meno ya bandia aliyakabidhi kwa mwanawe.

Mgongo wake ulikuwa umepinda, na hapa ndipo wengi hukosea wakidhani mgonjwa ni mkaidi kumbe anaumia. Niliweka mto chini ya magoti, nikaongeza shuka lililokunjwa chini ya mabega, nikamfunika blanketi hadi kifuani. Tulifanya jaribio bila mionzi: kitanda kikaingia, kikatoka. Nikamwambia atasikia mvumo wa kitu kinachozunguka, na kwamba nitakuwa nyuma ya kioo nikimwona na kumsikia. Akauliza kama anaweza kusoma dua. Nikamjibu asome moyoni, midomo isitikisike, kwa sababu taya likisogea kichwa nacho husogea.

Kijana aliuliza kwa nini nisipige tu, na ikiharibika nirudie. Nikamwambia kwamba kipimo kimoja cha kichwa hubeba takriban milisivati 2 za mionzi, kiasi kinachokaribia kile ambacho binadamu kwa wastani hupata kwa mwaka mzima kutoka ardhini, angani na katika chakula. Ni kiasi kinachokubalika pale kipimo kinapohitajika, lakini kila marudio humwongezea mzee mzigo mwingine bila faida. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana alirudi kitandani na kumrekebishia baba yake blanketi miguuni.

Mzee alifumba macho kabla kitanda hakijasogea. Hakutikisika. Picha zilitoka safi, ukingo wa ubongo ukionekana bila ukungu wowote. Majibu si yangu kuyasema. Nilimpigia simu daktari wake kabla mzee hajavaa viatu, na safari ya Sikonge ikaahirishwa.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Mama wa kontrasti alirudi na kumaliza, akabaki na sindano mshipani kwa muda tukimwangalia kama mwili wake umeipokea dawa. Akaletwa majeruhi wa bodaboda, naye ilibidi apite mbele ya wote, na wote wakalalamika, nami nikatoka tena kueleza. Chai yangu ya asubuhi niliikuta mezani jioni.

Kabla ya kuondoka nilipiga simu Nzega, kwa mama ambaye kesho analeta mtoto mchanga. Nilimwomba ajitahidi mtoto asilale sana njiani na asinyonyeshwe kabla hawajafika. Atamnyonyesha hapa hapa, tutamviringa kwenye khanga yenye joto, tutapunguza taa, na akisinzia ndipo nitakapompiga picha. Nimemwekea nafasi ya saa 3:00 na nimeiacha wazi nafasi inayofuata, ikiwa usingizi utachelewa.