Vuli Mbili

Shuleni mwalimu alituandikia ubaoni kwamba yale majira ya Ulaya ya majani kupukutika yanaitwa vuli. Kwetu Mombasa vuli ni mvua: Oktoba ikielekea ukingoni mitaro inafurika, nguo hazikauki, na matatu zinapandisha nauli. Kwa hiyo utoto wangu wote nilijua Wazungu wana msimu wanaoufurahia wa kutota.

Hiyo vuli nyingine nimeiona mwezi uliopita. Dadangu ameolewa Uswisi, na siku moja akanipandisha treni ya Bernina, kutoka St. Moritz hadi Tirano, upande wa Italia. Si ile ya watalii yenye vioo hadi juu, ni ya kawaida, ya watu na vikapu vyao. Kilomita kama 61, saa mbili na nusu hivi. Milimani kuna miti jamii ya misonobari inayoitwa lachi, ambayo tofauti na ndugu zake hupukutisha majani. Kabla ya kuanguka yanageuka manjano, manjano ya bizari iliyomwagika mlima mzima, na juu yake theluji. Mimi nilinyamaza. Dada akadhani nina baridi, akanipa skafu yake. (Na kweli nilikuwa na baridi.)

Leo jioni nimempelekea Ami hadithi hiyo barazani kwake. Ami alikuwa fundi wa relwe enzi za gari la zamani, na rangi ya majani haikumshughulisha hata kidogo.

"Reli yao upana gani?"

"Mita moja."

Akaweka kikombe cha kahawa chini. Mita moja kamili, kama ile iliyoanza kutandikwa hapa Mombasa mwaka 1896, iliyomlisha yeye na watoto wake. Hii SGR ya sasa ni pana zaidi kwa sentimita 43 na nusu, na Ami hajawahi kuisamehe.

Nikaona nimempata. Nikamwambia kuna mahali kila mita 1,000 treni inapanda mita 70, na haina meno ya kuishikilia katikati ya reli, ni magurudumu matupu. Kwamba pale Brusio inazunguka juu ya daraja la duara kisha inapita chini ya daraja hilohilo, hata ukichungulia dirishani unauona mkia wa gari lako mwenyewe.

"Inavutwa na nini?"

"Umeme."

"Aa!" Akachukua kikombe chake. "Na juu kabisa inafika wapi?"

"Kituo cha Ospizio Bernina. Mita 2,253."

Akacheka mpaka akakohoa. "Reli yetu pale Timboroa imepita 2,700, mwanangu. Na sisi tulipanda kwa moshi."

Sikuwa na la kujibu. Nikatoa kwenye pochi majani machache ya lachi, membamba kama sindano, yameshakauka. Akayaweka kiganjani, akayanusa, akanirudishia. Kisha akainama kidogo, kwa sauti ya mtu anayeulizia habari za mgonjwa:

"Na kwenye ule mteremko wa kwenda Italia, breki zao zinafanyaje kazi?"

Nikasema sikuuliza.

Ami akanitazama kama mtu aliyerudi kutoka Lamu akadai hakuona punda.